Miaka Tisa ya Kuambiwa ni Chango



Maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo huko Maretadu, wilayani Mbulu, mbele ya vijana kama sitini waliojazana kwenye darasa moja, wasichana upande huu, wavulana upande ule, madirisha yote yamefungwa. Anayeijua Mbulu mwezi wa saba anajua kwa nini tulifunga madirisha. Mhariri ameniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyokuwa, ila pale nilipowaambia wao "ninyi", sasa nakuambia wewe.

Nilianza kwa kuuliza: nani hapa amewahi kukosa masomo kwa sababu ya maumivu ya hedhi? Hakuna mkono. Nikageuza swali: nani anamfahamu msichana mwingine aliyewahi kukosa? Mikono ikajaa darasa zima, hata ya wavulana. Tukacheka. Kumbe kila mtu anamjua mgonjwa, ila mgonjwa mwenyewe hayupo!

Basi mimi nikanyoosha mkono wangu.

Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13, niko darasa la saba. Miezi ya mwanzo haikuwa na shida. Kidato cha kwanza ndipo maumivu yalipoanza kuja na makali yake: siku mbili kabla ya damu, chini ya kitovu, yanapita mgongoni, yanashuka mapajani. Nilikuwa natapika. Nilikuwa siwezi kusimama mstarini asubuhi. Na nikienda haja kubwa wakati niko mwezini (samahani kwa kusema wazi, lakini ndiyo kazi yangu) nilikuwa nalia chooni huku nimeuma kanga.

Bibi yangu aliniangalia akasema, "Mjukuu wangu, hilo ni chango. Mama yako alikuwa nalo, na mimi nilikuwa nalo. Ukizaa litakwisha." Akachemsha mizizi, nikanywa, dawa chungu ajabu. Simlaumu bibi. Alinipa alichokuwa nacho, na ndiye peke yake aliyekaa na mimi usiku kucha akinikanda mgongo kwa maji ya moto.

Lakini hebu tulitazame neno hili chango. Mtoto mchanga akilia usiku, ni chango. Mwanamke asipopata mimba, ni chango. Msichana akiumwa siku zake, chango. Ni neno kubwa kama gunia. Unatia kila kitu ndani, unafunga mdomo wa gunia, na hakuna anayeuliza tena kuna nini humo.

Kidato cha pili mama alinipeleka zahanati. Mganga akaniuliza, unaumwa nini? Nikasema, tumbo. Nikapewa dawa za minyoo. Baada ya miezi mitatu nikarudi, nikaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, ile ambayo kila mtu siku hizi anaiita UTI. Nikameza vidonge wiki nzima. Kituo kingine wakapima damu wakasema ni taifodi. Kingine wakasema amiba. Kidato cha nne, wiki mbili kabla ya mtihani wa majaribio, nilizidiwa usiku nikapelekwa hospitali, nikapasuliwa kidole tumbo. Jamani, tulifurahi! Mama alishukuru Mungu kanisani mbele ya watu kwamba hatimaye kitu kimepatikana na kimetolewa. Wiki tano baadaye maumivu yakarudi, mahali palepale, siku zilezile.

Kidato cha sita ndilo tukio ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto usoni. Daktari mmoja alinibonyeza tumbo kwa haraka, hakuuliza mengi, akasema nina maambukizi kwenye nyumba ya uzazi yatokanayo na ngono, na akaniambia nipunguze wanaume. Mama yangu alikuwa ameketi pembeni yangu. Nilikuwa sijawahi kulala na mwanamume. Tulirudi nyumbani kwa miguu, kilomita saba, bila kusemeshana. Vidonge vile nilivimeza vyote kwa sababu kukataa kungeonekana kama kiburi.

Kufikia hapo mama alikuwa ameuza mbuzi wawili na mtamba mmoja.

Wazee husema mficha uchi hazai. Sisi watoa elimu ya afya tunaipenda sana methali hii, tunaibandika kila mahali, kana kwamba tatizo la vijana ni kuficha tu. Lakini mimi sikuficha, msomaji. Nilisema kila mwezi. Nilisema nyumbani, nilisema kwa matroni, nilisema zahanati. Nilipewa majibu sita tofauti, na kila jibu lilikuwa jipya kama vile sikuwahi kuumwa kabla.

Nimekaa nikafikiri kwa nini. Si kwamba wale waganga walikuwa wajinga. Mganga wa zahanati ana foleni hadi mlangoni, na tumbo la minyoo, tumbo la taifodi na tumbo la mkojo ni vitu anavyokutana navyo kila siku. Kila mmoja wao alinitazama kwa dakika tano na akanipa jibu lililofaa kwa dakika hizo tano. Kilichokosekana ni mtu wa kujumlisha. Wewe unajua utaratibu wetu: ukifika mapokezi unaonyesha daftari lako, na kama huna unanunua jipya. Mimi kila mara nilinunua jipya. La zamani limepotea, au limeachwa kwa shangazi, au mdogo wangu ameshaandika hesabu za darasa la tatu kwenye kurasa zilizobaki. Hivyo kila mganga aliyenipokea alikuta ukurasa wa kwanza mweupe.

Nilikuja kupata jina la ugonjwa wangu nikiwa chuo kikuu, na miaka 22. Si kwa mashine kubwa. Nesi mmoja mtu mzima, miwani imeshuka puani, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mwanangu, maumivu haya huja tarehe ngapi?" Nikamtajia. "Na mwezi uliopita?" Nikamtajia. "Na hedhi ilianza lini?" Akaandika tarehe kwenye karatasi, safu mbili, akanigeuzia nizisome. Zilikuwa zinatembea pamoja kama ng'ombe na ndama wake. Akaniandikia barua ya rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kifuko cha mayai cha kushoto, umejaa damu ya zamani, nzito, ya rangi ya kahawia. Madaktari wenyewe huuita uvimbe wa chokoleti. Tangu siku hiyo sijaipenda tena chokoleti, ingawa kusema kweli hata kabla ya hapo nilikuwa siipati.

Ugonjwa wenyewe

Unaitwa endometriosisi. Kiswahili chetu cha nyumbani hakina jina lake, na nadhani hilo nalo linachangia kuchelewa. Kitu kisicho na jina utakiulizaje?

Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando laini. Kila mwezi unajijenga kusubiri mimba, na mimba isipotunga unabomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Hilo ni jambo la kawaida. Sasa, kwa baadhi ya wanawake, nyama inayofanana na utando huo huota nje ya mfuko wa uzazi: kwenye vifuko vya mayai, nyuma ya mfuko wenyewe, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Nayo inatii homoni zilezile. Mwezi ukifika, huvimba na kuvuja damu kama wenzake wa ndani. Tofauti ni kwamba damu ile ya ndani ina njia ya kutokea, hii haina. Inabaki humohumo, inachubua, inaleta uvimbe na makovu, na makovu hushikamanisha viungo ambavyo vinatakiwa kuteleza kimoja juu ya kingine. Ndiyo maana mtu anaumia akienda haja, anaumia akikojoa, na aliyeolewa anaumia wakati wa tendo la ndoa.

Ugonjwa huu hauambukizwi. Haupatikani kwa ngono. Hautokani na laana wala na kukanyaga kitu. Sio kansa. Sio mpya pia: daktari Karl von Rokitansky wa Vienna aliueleza mwaka 1860, na katika miaka ya 1920 Mmarekani John Sampson alitoa maelezo kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kuingia tumboni. Maelezo hayo bado yanatumika, ila hayatoshi, kwa sababu damu hurudi nyuma kwa wanawake wengi na wengi wao hawaugui. Chanzo kamili hakijapatikana mpaka leo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata karibu mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, watu wapatao milioni 190 duniani. Mle darasani Maretadu walikuwapo wasichana kama thelathini. Piga hesabu mwenyewe.

Usije ukaogopa bure, lakini. Si kila tumbo la hedhi ni endometriosisi. Mfuko wa uzazi ni msuli, na wakati wa hedhi hujikamua ili kutoa damu, kwa hiyo maumivu ya siku moja au mbili, yanayotulia kwa dawa ya maumivu na kukuacha uende shule, ni ya kawaida kwa wasichana wengi. Pia yapo magonjwa mengine yanayoumiza sehemu hizo hizo: uvimbe wa mfuko wa uzazi, maambukizi kweli yatokanayo na ngono, hata kifua kikuu kinachoingia kwenye mirija. Linalonihusu hapa ni lile tumbo linalokulaza kitandani, linaloanza kabla ya damu na kuendelea baada yake, lisilosikia dawa, na linalozidi mwaka hadi mwaka. Hilo lina haki ya kupata jina, liwe jina hili au lingine.

Hata walioendelea wanachelewa

Mtu anaweza kudhani kuchelewa huku ni kwa sababu sisi ni watu wa vijijini. Siyo. Uingereza, pamoja na hospitali zake zote, chama cha wagonjwa hao kiliuliza watu wake na mwaka 2024 kikatangaza kwamba kwa wastani mgonjwa anangoja miaka 8 na miezi 10 tangu aende kwa daktari mara ya kwanza mpaka apate jina la ugonjwa. Karibu tisa, kama mimi! Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu ofisini, wenzangu wakanishangaa.

Na sio kwa maskini tu. Wengi wenu mnalijua jina la Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ambaye baadaye alifanya kazi ya uanamitindo Afrika Kusini na New York. Yeye aliugua tangu akiwa msichana mdogo, akapasuliwa mara nyingi, na alipoamua kusema hadharani aliwashangaza watu wengi nchini, maana mrembo wa taifa kusimama na kuzungumzia hedhi yake halikuwa jambo la kawaida. Julai 2017 alijifungua mtoto wa kiume. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa sababu wasichana wakisikia ugonjwa huu jambo la kwanza wanaloniuliza ni kama watazaa. Wengine hupata shida, ndiyo. Wengine huzaa bila shida yoyote. Ila ile habari ya "ukizaa litakwisha" si dawa. Wapo wanaopata nafuu wakiwa wajawazito na kurudia palepale baadaye. Usikubali mtu akuharakishe kuolewa au kubeba mimba eti kama matibabu.

Wa pili ni jirani yetu wa Kenya, Njambi Koikai, mtangazaji na mpenzi wa muziki wa rege. Kwake ugonjwa ulipanda hadi kifuani, jambo ambalo ni nadra. Mapafu yake yalikuwa yanasinyaa, tena na tena, akiingia na kutoka hospitali miaka mingi kabla ya kupata matibabu ya kitaalamu Atlanta, Marekani. Alirudi nyumbani akawa anawaelimisha wasichana. Alifariki Nairobi tarehe 3 Juni 2024. Nilipoeleza habari yake darasani palitulia kimya. Niliongeza upesi kwamba wengi hawafiki huko, na ninakuongezea wewe pia.

Neno tumbo

Turudi Maretadu. Pale kuna kikwazo ambacho hakimo kwenye vitabu vya Uingereza, nacho ni lugha. Nyumbani tunazungumza Kiiraqw. Mganga au nesi mara nyingi ametoka mkoa mwingine, anajua Kiswahili. Msichana anayeumwa husindikizwa na mama au shangazi ambaye anatafsiri, na mbele ya shangazi nani ataeleza kwamba anaumia akienda haja kubwa wakati wa hedhi? Yote yanafupishwa: "Anaumwa tumbo."

Na Kiswahili chenyewe kinatusaliti hapo. Tumbo ni pale chakula kinapokwenda. Tumbo ni mimba. Tumbo ni kuharisha. Tumbo ni mfuko wa uzazi. Ukimwambia mganga "tumbo" tu, umempa vitu kumi achague, naye atachagua anachokutana nacho kila siku.

Kuna na woga mwingine. Msichana wa shule akilalamika tumbo, wazo la kwanza la watu wazima ni mimba. Mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wanaojifungua wanaweza kurudi shuleni, mimba ilikuwa mwisho wa masomo katika shule za serikali. Mlango umefunguliwa sasa, lakini woga haukuondoka siku hiyo. Wapo wanaokaa na maumivu kimya ili tu wasipelekwe kupimwa mkojo mbele ya mwalimu.

Kwa hiyo niliwafundisha sentensi moja, tukairudia kama wimbo wa chekechea, wavulana nao: "Ninaumwa chini ya kitovu, maumivu yanakuja na hedhi, ni mwezi wa ngapi huu, na yananikosesha shule siku kadhaa." Ukiisema hivyo huwezi kupewa dawa za minyoo bila angalau mtu kukuuliza swali la pili. Kama kuna maumivu chooni au damu kwenye mkojo siku hizo, liseme pia. Ukiona aibu mbele ya mama, omba kuongea na nesi peke yako. Unaruhusiwa.

Na daftari. Nunua moja, liandike jina, lisitumike kwa hesabu za mdogo wako. Ukurasa wa mwisho chora mistari: tarehe damu ilipoanza, tarehe maumivu yalipoanza na yalipokwisha, ulimeza nini na kama ilisaidia, ulikosa nini. Andika maneno ya kawaida. "Sikuweza kuchota maji." "Nilitapika mara mbili." "Sikwenda mtihani wa Jiografia." Mganga anaelewa "sikuweza kuchota maji" kuliko "inauma sana", kwa sababu kila mtu anasema inauma sana. Miezi mitatu inatosha kumwonyesha. Usingoje mwaka. Na kama umezimia, au una homa kali, au huenda una mimba na maumivu ni ya upande mmoja, hapo usingoje hata kesho.

Utafika wapi nalo

Kwenye zahanati utaanza, ndiyo utaratibu. Zahanati haiwezi kuthibitisha endometriosisi na haitakiwi. Inachoweza ni kuanza dawa ya maumivu na kukuandikia rufaa. Kwa watu wa Maretadu hospitali kubwa ya jirani ni Haydom, ile iliyoanzishwa na wamisheni wa Kilutheri wa Norway mwaka 1955. Wanaohitaji zaidi hupelekwa Moshi, KCMC.

Jambo moja nataka ulijue kwa sababu linawakatisha tamaa wengi. Ultrasaundi inaweza kuonyesha uvimbe kama wangu, lakini madoa madogo ya ugonjwa haiyaoni. Ukiambiwa "picha ni safi", maana yake picha ni safi. Haina maana kwamba unajifanya. Zamani ilisemwa kwamba bila kuingiza kamera tumboni kwa kitundu kidogo huwezi kusema mtu ana endometriosisi, na upasuaji huo katika nchi yetu uko hospitali chache tu. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa uzazi wa Ulaya kilitoa mwongozo mpya unaosema si lazima kuanza na kamera. Daktari akisikiliza historia yako vizuri anaweza kuanza matibabu. Ona basi historia yako ilivyo na thamani. Ile karatasi ya nesi wangu mwenye miwani ilikuwa kipimo.

Matibabu yapo ya aina mbili au tatu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni, zinywewe baada ya kula, zianzwe dalili za kwanza zinapotokea na si baada ya kuzidiwa. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu amweleze mganga kwanza. Halafu zipo dawa za homoni, na hapa ndipo nyumba nyingi zinapogombana, kwa sababu dawa hizo ni zilezile za uzazi wa mpango: vidonge vya majira, sindano, vijiti. Zinapunguza au kusimamisha hedhi, na ule ugonjwa unakosa chakula chake. Haziuponyi kabisa, zinautuliza. Upasuaji ni kwa wale ambao dawa zimeshindwa au wana uvimbe mkubwa.

Nilipoandikiwa vidonge vya majira nilikuwa na miaka 22, mtu mzima mwenye akili zake, na bado mama alivificha kwenye kopo la majani ya chai nilipokuwa likizo ili baba asivione. Baba akaja akaviona. Nilimweleza kwa muda mrefu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, akachukua fimbo yake akaenda kuangalia ng'ombe. Jioni aliniuliza kama nimekunywa dawa yangu. Mzazi unayesoma ukurasa huu, vidonge hivi kwa mtoto mwenye ugonjwa huu havimfundishi umalaya. Vinamrudisha darasani. Katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, na mtamba wako unabaki zizini.

Swali la kijana mmoja

Mwishoni nilitoa nafasi ya maswali. Wasichana waliandika kwenye vikaratasi, bila majina, kama tulivyokubaliana. Kijana mmoja kule nyuma hakutaka karatasi. Alisimama, akavua kofia, akauliza: "Dada, kwa hiyo mtu akilala siku nzima wakati wa kupalilia, huenda hakuwa anatega?" Wenzake wakaanza kucheka. Yeye hakucheka. Akasema wao nyumbani dada yake alikuwa anachapwa kwa kutega kazi, kila mwezi, na sasa ameolewa mbali. Nilimjibu kwamba siwezi kumpima dada yake nikiwa hapa, lakini kama ilikuwa kila mwezi, basi ampigie simu amuulize tarehe. Akakaa. Sikujua niongeze nini.

Tulipomaliza na watu kutawanyika, msichana mmoja alibaki akijifanya kufunga kamba za viatu. Sitasema jina wala kidato. Alikuwa na madaftari matatu ya zahanati yaliyofungwa pamoja kwa uzi wa gunia. Mama yake, tofauti na wangu, hakutupa hata moja. Tulikaa kwenye dawati, tukatoa tarehe zote, tukaziandika safu mbili. Miaka minne. Minyoo, UTI, UTI, taifodi, chango, UTI. Alipoona zile tarehe zinavyofuatana alizipitia kwa kidole, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole.

Siku ya pili tulikwenda zahanati naye na mama yake. Mganga alikuwa kijana, mpole, alizisoma safu zile zote mbili mpaka mwisho na akaandika barua ya rufaa palepale. Nilimpigia simu mama wiki iliyopita. Barua ipo, ameiweka ndani ya Biblia isipate maji. Baba amekubali waende, ila nauli itapatikana wakishauza maharage, na maharage bado hayajakauka.